Mwaka Nilipomjibu Boni

Jumapili moja ya mwaka jana mjukuu wangu Neema alinishika mkono akanipeleka kanisani kwake badala ya kwangu, kwa sababu kulikuwa na mwimbaji mgeni kutoka Kinshasa, mzee mzaliwa wa huku kwetu, na Neema alidhani huenda nikamfahamu. Sikumwambia kitu. Karatasi yenye picha ya huyo mgeni nilikuwa nimekwisha kuiona pale mtaa wa Mabanga, hapa Goma, imebandikwa kwenye mbao za duka la unga, na ile sura niliitambua kabla sijasoma jina lililoandikwa chini yake. Safari hii alijiita Ndugu Bonifasi. Tulikaa safu ya nne, kwenye viti vya plastiki. Alipopanda mbele amevaa suti nyeupe, vijana wakampigia kinanda cha umeme, nikasema moyoni kwamba uzee umemfaa, maana tumbo limelijaza koti vizuri na mvi zimekaa mahali pake. Kisha akaanza. "Umefika wapi, Bwana Yesu?" aliuliza, na kanisa zima, waliokaa na waliosimama, wakamjibu: "Niko njiani." Neema, ambaye huniita Koko, yaani bibi, alinigusa kwa kiwiko. "Koko, imba basi." Nilifunga mdomo nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili. Mimi sina ugomvi na Yesu, wala sikatai kwamba yuko njiani. Lakini wimbo ule si wake.

Wimbo ule nimeusikia katika nguo zote alizouvalisha. Baada ya Uhuru ulirudi kutoka Léo, ndivyo tulivyouita mji wa Kinshasa siku hizo, ukiwa na magitaa matatu ya umeme na tarumbeta, kwa Kilingala, na aliyekuwa anaulizwa amefika wapi ni tajiri mmoja wa malori ambaye, nilivyosikia, ndiye aliyewapa okestra vipaza sauti. Miaka kadhaa baadaye watu walipoambiwa waache majina ya Kizungu, Boni naye aliacha lake, akachukua la babu yake, akavaa koti lisilo na kola, akauimba wimbo uleule mbele ya safu za wanawake waliovaa vitenge vyenye sura moja, na aliyengojwa njiani sasa alikuwa mkubwa wa nchi. Mkubwa alipoanguka wimbo ukanyamaza, nikadhani umekufa. Kumbe ulikuwa unabadilisha nguo tu. Watu wa redio humsifu kwamba katika kila zama alijua kuzaliwa upya. Kweli alijua, sibishi. Ila hawa wanaozaliwa upya mara nyingi hivyo, kila mara kuna watu wanaobaki na uchafu wa uzazi mikononi. Uzazi wa kwanza niliushuhudia mimi. Nilikuwamo chumbani, na sauti yangu imo.

Mwaka wenyewe ni ule wa nne kabla ya Uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na saba, naishi na mama na dada yangu Masika katika vyumba viwili vya mbao kwenye cité, mtaa wa Waafrika, juu ya mawe meusi ya mlima wa moto yaliyokuwa yanakata nyayo za wageni na kutuzoea sisi. Chumba cha ndani tulilala watatu. Cha nje kilikuwa cha kila kitu: cherehani ya Masika chini ya dirisha, meza ya kukandia unga wa maandazi tuliyouza pamoja na chai karibu na bandari, benchi moja, na pazia la kitenge ambalo Masika alilibadilisha kila Pasaka. Mume wake alikuwa dereva wa lori la kahawa, mtu wa kuonekana mwezi kwa mwezi, kwa hiyo mimba ya Masika tuliilea sisi. Masika ni jina la kila mtoto wa kwanza wa kike kwetu Wanande, kama mimi nilivyo Kavira kwa kuwa wa pili. Simama katikati ya soko la Butembo uite Masika, watageuka wanawake wengi kuliko mafungu ya viazi. Jina lake hasa, lile alilopewa na bibi yetu, lilikuwa la ndani ya nyumba, na mama alilitumia akiwa na furaha sana au hasira sana. Masika alikuwa mtu wa kucheka huku amebana pini mdomoni. Sijaona mwingine anayeweza kufanya hivyo bila kujichoma.

Boni aliingia kwetu kwa njaa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini aliyetoka upande wa Kiwanja, kazi yake kuchambua kahawa katika ghala moja kubwa, na kila alipotoka kazini alikuja kukaa kwenye benchi letu na likembe yake, kile kisanduku cha mbao chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Aliimba juu ya ng'ombe waliovuka mto na wasichana waliokataa kuvuka, polepole, mpaka Masika amwekee sahani ya maharagi na ndizi. Mama alikuwa akisema yule kijana anabisha hodi kwa vidole gumba. Nyimbo zake zilihitaji mtu wa kuitikia, nami nilikuwa pale, mikono kwenye unga, na ndivyo nilivyoanza kuimba. Baada ya Pasaka alikuja siku moja bila likembe, amebeba gitaa la mtu. Mchana, wenzake walipokwenda kula, yeye alikuwa anasimama mbele ya duka la Mgiriki mmoja kusikiliza gramofoni ikipiga rumba za Léo, na baada ya wiki chache alikuwa anaimba Kilingala ambacho hakukielewa hata nusu. Nilimuuliza likembe iko wapi. "Ile ni ya pori," alisema. "Batu ba mujini banataka gitare." Alimtafuta na mpigaji wa chupa, Kasereka, kijana mtaratibu wa kwetu aliyegonga chupa tupu kwa msumari bila kupoteza pigo hata akipiga chafya. Masika alisema mtu wa gitaa hawezi kuvaa kama mtu wa likembe, akamshonea shati jeupe lenye kola ndefu, akamsimamisha mlangoni kumpima mabega huku anamtania kwamba shingo yake ni nyembamba kuliko ya kuku wa mgeni. Mimi nilimpenda. Siwezi kuandika haya nikaruka hilo. Nilimpenda alivyokula, alivyofumba macho kabla ya kuanza, na alivyosema "sauti yetu" akimaanisha yake na yangu.

Masika alifariki mwezi wa saba, siku mbili baada ya kujifungua, na mtoto alikuwa amemtangulia. Ya hospitali sitayaandika. Nitaandika juu ya kilio, kwa sababu bila hicho hakuna atakayeelewa nilichofanyiwa. Kwa wanawake niliolia nao, kilio kilikuwa na utaratibu. Mkubwa wa nyumba huliita jina la marehemu kwa wimbo, lile jina la ndani, na kumuuliza amefika wapi. Mdogo wake anayemfuata ndiye anayejibu kwa niaba yake: niko njiani. Tulisema anamuazima kinywa. Marehemu akiitwa asijibiwe, husimama akidhani amepotea, kwa hiyo aliyeazima kinywa haruhusiwi kukawia, awe anakula, awe anaoga, awe amelala. Mama aliweza kuita akiwa anakoroga sufuria, nami nikajibu kutoka uani na ndoo kichwani. Mambo huendelea hivyo mpaka siku ya kumaliza kilio, ndugu wote wakikusanyika, ambapo anaulizwa mara ya mwisho na jibu hubadilika: nimefika. Baada ya hapo jina haliimbwi tena na mtu yeyote. Limefungwa. Maneno hayo yalikuwa ya desturi, lakini sauti, ule mwendo unaopanda kama mtu anayetazama juu ya ua kisha unashuka, aliutunga mama yangu mwenyewe asubuhi ile ya kwanza, ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha. Siku ya kumaliza tuliiweka baada ya mavuno ya maharagi ili ndugu wa Butembo waweze kushuka.

Boni alikuja kila siku ya kilio. Alileta kuni, akakaa nje na wanaume, hakuimba, hakugusa gitaa. Wamama walimsifu. Mara moja nilipotoka kumwaga maji nilimwona ameinamisha kichwa, vidole vyake vinagonga gotini polepole kila mama alipoita na kila nilipojibu, nikajiambia kwamba huyu analia kwa mikono. Nimeyafikiria magoti yale miaka mingi. Kasereka aliniambia baadaye kwamba Boni hakuwa analia, alikuwa anahesabu mapigo, na kwamba yeye Kasereka aliona lakini alidhani si kazi yake kusema. Simlaumu. Mtu wa chupa amezoea kufuata.

Mwezi wa tisa ilisikika kwamba kuna Mzungu amekuja na lori lenye mashine ya kukata sahani za santuri, anapita kila mji akitafuta nyimbo, na atakaa Goma siku tatu. Boni alikuja kwa mama akiwa amevaa lile shati jeupe. Alipiga magoti kabisa. Alisema anajua tuko kwenye kilio na hathubutu kuomba nyimbo za furaha. Anaomba tu nimsindikize kwa wimbo wa wachambuzi wa kahawa, ambao ni wa kazi, hauna dansi, na upande wa pili wa sahani ataimba peke yake rumba yake ya Kilingala. Mama aliendelea kupanga maandazi kwenye beseni. Alikuwa anajua ninavyotaka, kwa sababu tangu habari za mashine ziingie mtaani nilikuwa nimeunguza maandazi mara mbili. Mwishowe alisema, "Muende. Lakini unirudishie mutoto yangu vile unamuchukua." Boni alisema ndiyo, mama. Niliyasikia kwa masikio yangu.

Mashine iliwekwa katika ghala la kahawa. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka juu kwenye kuta zote nne ili sauti isirudi, na mle ndani kulinuka kahawa mbichi na jasho la watu waliovaa vizuri. Mzungu alikuwa mtu mfupi mwenye suruali ya kaptula, hakusema Kiswahili. Alisemewa na karani aliyesimama kando yake. Karani alitueleza: taa nyekundu ikiwaka sindano inaanza kukata, na ikianza hakuna kukohoa, hakuna kusimama, hakuna kurudia, kwa kuwa sahani ikiharibika imeharibika na zilizobaki ni chache. Wimbo wa kahawa tuliupiga bila kosa. Kisha Boni akamwonjesha Mzungu rumba yake ya Kilingala. Mzungu alimkatiza kabla ya kiitikio, akasema maneno machache, na karani akayageuza: za namna hiyo anazo nyingi kutoka Léo, na wanaozipiga kule wanazipiga vizuri zaidi, kama hakuna kingine cha hapa, vikundi vingine vinangoja mlangoni. Nilimwona Boni anavyokauka midomo. Miezi yote ya kusimama mbele ya duka la Mgiriki ilikuwa imefutwa na mtu wa kaptula. Aliomba dakika moja, akatoka nje, na aliporudi mikono yake ilikuwa imelowa maji. Alimnong'oneza Kasereka aweke pigo la rumba, la katikati. Kwangu alisema tu, "Kavira, utajibu vile utasikia."

Taa ikawaka. Gitaa likaanza, tamu, lenye kuchezeka, na chupa ikaingia nyuma yake. Nilikuwa bado najaribu kukisia ni wimbo gani, naona mwendo wake naujua lakini umevaa viatu vya mtu mwingine, ndipo Boni akafumba macho na kuliita jina la dada yangu. La ndani. Lote, kwa sauti ya mama, na kumuuliza amefika wapi. Kilio kilikuwa hakijamalizwa. Kinywa changu kilikuwa bado ni chake. Nasema kweli kwamba sikuamua. Nilijibu kama mtu anavyonyoosha mkono mtoto akijikwaa. Niko njiani. Aliita tena, nikajibu tena. Mara kumi na moja aliita, akajaza katikati maneno yake ya mpenzi anayengoja na chakula kinachopoa, ili yeyote asiyetujua adhani ni kijana anamngoja msichana mchelewaji. Ningeweza kunyamaza na kuiharibu sahani. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini kunyamaza maana yake ilikuwa kumwacha Masika amesimama kati ya magunia ya watu, anaitwa na hakuna anayemsemea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wa kwangu alikuwa amesimama mbele yangu ndani ya nguo ambayo marehemu mwenyewe ndiye aliyemshonea.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mama mpaka anakufa. Mzungu alituchezeshea ile sahani ili ahakikishe imeshika, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilijisikia. Nilikuwa nimekasirika, lakini sauti ile ilipojibu kutoka kwenye tarumbeta ya mashine, safi, haina pumzi ya kuiba, niliipenda. Karani aliacha kuandika. Mzungu alininyooshea kidole akatikisa kichwa kwa kukubali. Kwa muda wa wimbo mmoja nilifurahi kuwa mimi, na furaha ile imenisumbua kuliko hasira. Nje, kwenye jua, nilimshika Boni kola.

"Ungeniuliza," nilimwambia.

"Ningekuuliza ungekubali?"

"Hapana."

"Njo maana sikukuuliza." Hakusema kwa ukali. Alikuwa bado anang'aa. "Na nilijua utajibu tu, Kavira. Wewe hauwezi kumuacha yaya yako mu njia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ameusahau utaratibu wetu kwa sababu ya haraka. Alikuwa ameukumbuka. Alipotoka nje kulowesha mikono alikuwa amepima kila kitu, mama, kilio, mimi, akaona kwamba mlango upo na ufunguo wake ni mapenzi yangu kwa yaya, dada yangu mkubwa. Nilirudi nyumbani peke yangu. Mama aliuliza imekuwaje, nikasema salama, tumeimba wa kahawa. Alinitilia viazi na mboga ya lengalenga, nikala vyote ili asiniulize zaidi.

Siku ya kumaliza kilio ilifika, ndugu wakashuka kutoka Butembo na magunia ya viazi na mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi. Mama alisimama, akaita kwa mara ya mwisho, na mimi nikajibu kwamba nimefika. Wamama walipiga vigelegele kidogo, vya heshima, na shangazi mmoja akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Nililala nikiwa mwepesi. Sahani ya Mzungu nilijiambia imekwenda mbali, labda Ulaya, labda imevunjika njiani, kwa nini nyimbo zetu zirudi huku ambako tunazo tayari? Ujinga huu ulinifaa mpaka karibu na Krismasi, siku ambayo mimi na mama tulikuwa tunatoka bandarini na mabeseni matupu na tukakuta watu wamejaa mbele ya duka la Mgiriki, wengine wanacheza katikati ya barabara. Boni alikuwa mlangoni, amekunja mikono ya shati. Kwenye karatasi ya sahani, nilikuja kuiona baadaye, kulikuwa na jina lake tu, na gitaa. Mimi sikuwamo, Kasereka hakuwamo. Mama alisimama na beseni lake kichwani. Alisikiliza jina la mtoto wake likiitwa na mwanaume mwenye gitaa, akaangalia viuno vya watu. Alisikiliza mpaka mwisho, mara zote kumi na moja, kisha akatembea.

Nyumbani hakukaa. "Ile sauti inayojibu ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Tulimufunga, Kavira. Wewe mwenyewe ulisema amefika." Aliongea chinichini, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. "Sasa kila siku munamurudisha mu njia. Na kinywa njo cha kwako."

Nilimweleza habari za taa nyekundu, sindano isiyorudi nyuma, na kwamba nilijibu kwa ajili ya Masika. Mama hakujua sindano. Alijua sauti ya mtoto wake na alijua kwamba nilikaa miezi mitatu nikila naye bila kumwambia. Tangu siku hiyo alipita juu ya mawe, njia ndefu ya nyuma, ili asilipite duka, lakini rumba ile ilikuwa imeshika mji. Wapishi wa Wazungu waliipiga mluzi barabarani, askari wa kambi ya Katindo waliiimba wakifua nguo, na ukivuka kwenda Gisenyi ulikuta imekutangulia. Wasichana walininunulia chai ili niwaimbie kile kipande cha kujibu. Walidhani ninaringa nilipokataa. Mwezi wa kwanza mama alipanda lori la mboga lililokuwa linarudi Butembo. Aliniachia cherehani, meza na benchi. Alinipa mkono kama unavyompa jirani, akasema nikae vema, na tulionana baada ya hapo kwenye misiba ya watu wengine tu, ambako hakuniita kujibu hata mara moja. Kama jina la marehemu lilihitaji kinywa, alimwonyesha mwingine kwa kidevu.

Boni aliondoka kabla ya mwezi kwisha, kwa meli ya Bukavu, kisha Léo. Nilikwenda bandarini, si kumuaga. Nilitaka aseme mbele ya watu, walau mbele ya wauza chai wenzangu, kwamba ule ulikuwa wimbo wa mama yangu na kwamba mimi sikujua. Maneno hayo tu, nayo yangemfikia mama kwa lori la kwanza. Aliniambia nisimharibie siku, akifika Léo ataniita, sauti yetu itasikika Congo nzima. Alikuwa na mkoba mpya na gitaa lake mwenyewe. Huko Léo alipata msichana mwingine wa kujibu, mwenye sauti nyembamba ya kupendeza, nami nilirudi kwenye unga. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimeuza maandazi chini ya serikali sijui ngapi. Hakuna siku niliyoacha kuyataka maneno yale.

Kwa hiyo, ibada ilipokwisha mwaka jana, nilimwambia Neema aningoje. Walikuwa wamemweka Boni katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, chenye meza ya plastiki, chai, mkate na mayai ya kuchemsha, na picha za ubatizo ukutani. Alikuwa amevua koti. Alinitambua upesi kuliko nilivyotegemea, akainuka kwa shida, akanishika mikono yote miwili, akaniita Mama Kavira. Aliniuliza habari za Kasereka, nikamwambia alikufa zamani. Alisikitika kweli, nadhani. Akanimenyea yai. Kisha akaniambia kwamba Mungu ndiye aliyenileta, kwa sababu kuna vijana wa Kinshasa wenye studio wanataka atengeneze upya nyimbo zake za mwanzo kama zilivyokuwa: gitaa moja, chupa, na mtu wa kujibu. Siku hizi vijana wamechoka na makelele, alisema, wanataka asili. Sahani ya kwanza haipatikani popote, wameitafuta mpaka kwa Wazungu. Na safari hii atasema yote. Ataeleza mwanzoni kabisa, kwa sauti yake, kwamba wimbo ulikuwa wa kilio cha nyumba yetu, kwamba mama yangu ndiye aliyeutunga, na kwamba mimi sikuulizwa.

"Nilikukosea, mama," alisema. "Nilijua tangu siku ile."

Nililia. Sikujua kwamba bado nina machozi ya jambo lile, lakini yalikuwepo, mengi, na yeye alisubiri kwa adabu, akanisogezea kitambaa cha meza. Nilijiona nimekaa na mama yangu, nikimwambia umesikia, amesema. Boni aliponiona nimetulia alivuta kiti karibu. Alibakiza jambo moja dogo, alisema. Maneno yote anayo, mwendo anao, vidole vyake havijasahau.

"Ila lile jina nimelipoteza. Masika haliwezi kuingia pale, najaribu linakataa. Lilikuwa lirefu. Yaya yako aliitwa nani?"

Alifumba macho kidogo, kama anavyofanya kabla ya kuanza, akingoja nimpe. Jina lilikuwa mdomoni mwangu, zima, na nilihisi uzito wake kwenye ulimi. Niliona magunia, na barabara mbele ya duka, na beseni juu ya kichwa cha mama.

"Papa Boni," nilimwambia, "miaka imepita mingi. Hata mimi nimelisahau."

Alifumbua macho, akanitazama. Kisha akachukua kijiko, akakoroga chai yake.

"Haina neno, mama," alisema. "Tutatia lingine."